Siku Mkutano wa Miguu Ulipokaa Chini

Siku ile tulikuwa watu wanane ndani ya korido ya biro, ofisi niliyofanyia kazi, na nitawataja wote, kwa sababu baadaye zaidi ya mmoja alisema hakuwepo. Alikuwepo baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, aliyetoka kijijini kwetu Kabondo-Dianda na gunia tupu kwapani. Alikuwepo shangazi, dada yao, ambaye kwetu sisi Baluba ni baba wa kike, neno lake likishatua halinyanyuliwi. Alikuwepo shefu wa biro. Alikuwepo sekretere, na zamu, mlinzi wa mlangoni, na fimbo yake. Walikuwepo wadogo zangu wawili: wa kiume, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na kitinda mimba wetu wa kike, mwenye miaka tisa, aliyeleta maneno yote yale bila kujua. Na mimi, yaya wao, yaani dada yao mkubwa.

Gunia lile lilikuwa la kubebea nguo za wadogo zangu.

Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Siku ya kumaliza kilio wazee walikaa ili kutugawa: mvulana aende Kabondo-Dianda akashike jembe, msichana akalelewe na shangazi huko huko, mimi nitafutiwe mume. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari. Nilipiga magoti nikasema nitaacha shule, nitafanya kazi yoyote, lakini tubaki nyumba moja.

"Sawa," baba mkubwa alisema. "Lakini siku nitasikia neno mubaya juu ya hii nyumba, nitakuya kubeba batoto bangu. Sitauliza mara mbili."

Toka siku hiyo niliishi kama mtu aliyebeba beseni la maji lililojaa mpaka mdomoni. Niliuza mayai ya kuchemsha na karanga kule stesheni ya gari ya moshi, nimening'iniza ubao wa katoni shingoni kwa kamba ya kitambaa cha kikwembe. Baadaye nikapata kazi ya kufagia kwenye biro.

Ilikuwa biro ya mbegu, inayogawa vipando vya mihogo na majembe kwa vijiji, ndani ya jengo la zamani la wakati wa reli, refu na jembamba kama behewa. Katikati kulikuwa na korido moja tu, milango pande zote mbili. Kutoka kwa zamu mpaka stoo ya majembe ni hatua sitini na mbili za mtu mzima. Ninazijua.

Shefu alikuwa mtu wa asili ya Maniema, Mwislamu, wa ukoo wa wafanyabiashara. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu, na desturi zetu alizijua nusu nusu. Mwaka ule alikuwa amesafiri ndani ya lori kutoka Lubumbashi, amebanwa kitini siku mbili, na aliposhuka mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba, damu imeganda ndani. Daktari alimpa vidonge na amri moja: asikae nusu saa bila kuamka na kutembea.

Alianza kutembea nje. Hakuweza. Wakati wa mvua ilikuwa tope, wakati wa jua ilikuwa vumbi la lori za jeshi zinazokwenda base, kambi yao, na wakati wote ilikuwa salamu. Salamu yetu si ya kupita. Mtu anasimama, anainama, anapiga makofi, anauliza habari za nyumba, za shamba, za wagonjwa, na kama wewe ni shefu, anaongeza shida yake. Shefu alikuwa akifika mtaa wa pili saa nzima imepita, na muda wote huo amesimama tu. Basi akarudi ndani. Akaanza kwenda na kurudi katika korido, na kwa kuwa kazi haikumngoja, akaanza kufanya mikutano humo humo akitembea. Viti vya korido vikatolewa. Sisi tukauita mkutano wa miguu.

Watu walicheka. Sekretere alikataa siku ya kwanza.

"Shefu, hivi viatu byangu biko bya kuikala," alisema, akionyesha visigino. "Bya kutembea nilibiacha ku nyumba."

"Na kesho?"

"Kesho pia nitabisahau."

Shida ilikuwa kuandika. Wajumbe waliotoka vijijini walikuja na habari zao, walitembea na shefu mizunguko sita, saba, kisha wakaondoka, na jioni hakuna aliyekumbuka kijiji cha Mulongo kilipokea nini. Siku moja shefu alisimama mbele ya ndoo yangu ya maji.

"Nani hapa anaweza kuandika akitembea?"

"Minyi naweza," nilisema. Sikufikiri. Mtu aliyeuza mayai akifuata madirisha ya gari linaloanza kuondoka, akihesabu na kurudisha chenji, anajua kutembea na hesabu.

Nikautafuta ubao wangu wa katoni, nikabandika daftari juu, nikaufunga shingoni. Herufi zangu zilikuwa zinapanda na kushuka kama njia ya Bukama, lakini zilisomeka. Baada ya mwezi ndoo ilipewa mtu mwingine.

Niliipenda kazi ile. Nilijifunza kitu ambacho shule haikunifundisha: mtu aliyekaa mbele ya meza anatengeneza ripoti, lakini ukitembea naye bega kwa bega, macho yenu yote mbele, maneno yanamtoka. Mjumbe mmoja wa upande wa Malemba-Nkulu alisema mizunguko miwili kwamba kila kitu kiko sawa. Mzunguko wa tatu akasema, kama anayezungumza na sakafu, kwamba alitupa vipando vyote njiani akakimbia, kwa sababu ya watu wenye silaha. Shefu hakusimama. Alimwambia tu, "Tuendelee," na tukaendelea mpaka pumzi ya yule mtu ikatulia.

Mke wa shefu alibaki Lubumbashi na watoto. Alikuwa ananipigia simu mchana. "Mama, ametembea leo? Nakuomba, tembea naye. Akikaa kwenye kiti, mwamshe, hata akikasirika." Nilikuwa ninaipokea simu hiyo nyumbani wakati wa kula bukari, ugali wetu, mbele ya wadogo zangu, na kitinda mimba wetu alikuwa anasikiliza kwa fahari. Yaya yake hafagii tena.

Kila anayezungumza Kiswahili ameshaona shimo lililokuwa mbele yetu. Sisi hatukuliona. Neno kutembea lilikuwa limeshakuwa neno la kazi kwetu, kama fagio.

Kitinda mimba wetu alikuwa kwenye foleni ya robine, bomba la maji la mtaa, na dumu lake. Wanawake walimuuliza mimi nafanya kazi gani siku hizi, maana wameniona na viatu vipya.

"Yaya anatembea na shefu," alisema.

"Anatembea na shefu?"

"Njo," aliitikia. "Kila siku. Asubuhi na muchana."

"Na bibi ya shefu, anajua?"

"Anajua. Njo ule anamuombaka."

Alinihadithia yote jioni ile ile, kwa furaha, kwa sababu wanawake walimwacha achote maji wa kwanza. Nilishika ukingo wa meza. Nilikwenda kwenye robine kesho yake kueleza, na nilipokuwa nikieleza waliitikia kwa kichwa, "Ndiyo, mama, tumesikia, ni mikutano," na waliponipa mgongo walicheka. Mtu anayejieleza kabla ya kuulizwa ameshahukumiwa.

Maneno yalipanda lori. Haikupita wiki mbili, dereva mmoja aliniletea ujumbe wa mdomo: baba mkubwa anakuja kubeba watoto. Hakuna salamu, hakuna swali.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa amebakiza miezi michache afanye mtihani wa serikali. Akienda Kabondo-Dianda wakati ule, mtihani umekwisha, na shule niliyoiacha nimeiacha bure. Sikuweza kula. Nilikuwa ninawaangalia wakigombania blanketi na nafsi yangu inasema, labda hii ni mara ya mwisho. Nilifikiri kukimbia nao kwenda Lubumbashi, ambako simjui mtu ila mke wa shefu, na nikaona kwamba nikikimbilia kwa mke wa shefu nitakuwa nimetia sahihi maneno yao.

Nilimwambia shefu tukiwa mzunguko wa nne. Nilitaka kuacha kazi. Alisimama katikati ya korido, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mkutano ukiendelea.

"Ukiacha, watasema ni kweli," alisema. "Na ukiondoka kazini mtakula nini? Waje hapa. Wakutane na mimi. Waone kinachotembea."

Hivyo ndivyo tulivyofika wanane.

Baba mkubwa aliingia na tope la siku mbili kwenye suruali. Shangazi alikuwa nyuma yake. Niliwaita wadogo zangu, tukainama, tukapiga makofi, "Eyo, vidye," kama salamu ya heshima inavyotakiwa. Shefu akatoka ofisini kwake akitabasamu, mikono wazi, na akakosea. Alidhani anawaonyesha ukweli.

"Karibuni sana, wazee wangu. Haya, tutembee tukiongea."

Sekretere aliacha kupiga mashine.

"Tutembee?" baba mkubwa alisema. "Minyi natoka Kabondo-Dianda, mugongo iko inauma, na weye unanipokea ku miguu? Maneno ya bantu yanaongelewa chini. Neno ya kusimama ni ugomvi. Ao kwenu haina vile?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Jambo la ndoa, la kifo, la mtoto, halisemwi watu wamesimama. Ukilisema umesimama, umelitupa. Nilisahau kumwambia shefu. Wiki nzima nilikuwa ninafikiri maneno ya kusema, sikufikiri viti.

Shefu alielewa upesi. Aliomba radhi, akamwambia zamu alete viti. Zamu alileta benchi la stoo na vigoda vitatu vya chini. Wazee wakachukua benchi. Shefu, kwa heshima, akachukua kigoda kimoja, kifupi, magoti yake yakapanda karibu na kifua. Niliutazama mguu wa kushoto ulivyokunjwa. Kisha nikaitazama saa ya ukutani iliyokuwa juu ya mlango wa stoo.

Baba mkubwa alianza mbali. Kwetu hatuanzi karibu. Alianza kwa babu, mashamba yake, wake zake, watoto aliozika. Akafika kwa baba yangu, akataja jinsi alivyompeleka shule kwa kuuza samaki. Nusu saa ilipita. Akafika kwenye kilio, kwenye neno nililoahidi. Nilikuwa nimekaa sakafuni na wadogo zangu. Mshale mrefu ulikuwa umeshashuka na kuanza kupanda. Nikasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Shefu, muamke kidogo."

Baba mkubwa alikata maneno yake.

"Munasikia?" alimgeukia shangazi. "Munasikia vile anamuchunga? Bibi ya nyumba njo anachungaka miguu ya bwana."

Zamu aliangalia chini. Sekretere alikohoa. Nilihisi mkono wa kitinda mimba wangu ukiingia katika wangu, na hapo nikaelewa nimefungwa pande mbili. Nikisema tena ainuke, nimejitia hatiani na gunia linafunguliwa. Nikinyamaza, damu inasimama katika mguu wa mtu aliyenitoa kwenye ndoo. Shefu alinitazama. Alitikisa kidole kimoja juu ya goti, kidogo sana: acha.

Nikanyamaza.

Nataka jambo hili liandikwe hivyo, bila kupambwa. Nilijua nusu saa ni nini. Mke wake alikuwa ameniambia mara nyingi kuliko siku za mwezi. Nilinyamaza saa ya kwanza, nikanyamaza ya pili.

Walimuuliza sekretere ameona nini. "Minyi naonaka migongo yabo tu," alisema, na neno hilo lingeweza kuwa lolote. Shangazi akamwita mtoto katikati.

"Njo weye ulisema yaya anatembea na shefu?"

"Njo, shangazi."

"Banatembeaka wapi?"

"Hapa."

"Hapa mpaka wapi?"

"Mpaka kule ku majembe. Kisha banarudia."

"Na kule ku majembe banafanyaka nini?"

Mtoto alifikiri. "Banageuka."

Zamu alicheka puani, akajifanya anapiga chafya. Shangazi hakucheka.

"Na yaya, mikono yake inafanyaka nini?"

"Inaandika mihogo."

Shangazi aliomba kuona. Nilileta ubao na daftari. Hajui kusoma, lakini alipitisha kidole juu ya mistari yangu iliyolewa, ukurasa baada ya ukurasa, akaona hakuna hata mmoja ulionyooka. Akampa mdogo wangu wa kiume. "Soma ya kwetu."

Mdogo wangu alitafuta Kabondo-Dianda. Alisoma kwamba lori la vipando lilikwama kwenye tope, vipando vikakauka kabla ya kufika. Kwamba mzee mmoja alikuja na vijiti vikavu mpaka kwa mjumbe, akamwambia aende akavipande kwenye kaburi lake yeye mzee. Kwamba kijiji kile kirudishwe kuwa cha kwanza kwenye msafara unaofuata.

Baba mkubwa aliinua kichwa.

"Nani aliandika ile ya kaburi?"

"Yaya," mdogo wangu alisema. "Anaandika yote."

"Njo minyi nilisema ile."

Hakuna aliyejua. Mjumbe hakutaja jina, na mimi niliandika tu kilichosemwa, kati ya mlango wa zamu na majembe. Baba mkubwa alichukua daftari mwenyewe, ingawa macho yake hayaoni vizuri, akalishika karibu na uso. Alikaa nalo muda mrefu. Nilitamani kumpokonya. Mshale ulikuwa unaingia saa ya tatu.

"Kumbe ilifika," alisema mwishowe. "Nilifikiri bantu banatupaka maneno yetu mu njia."

Shangazi ndiye aliyefunga. Alisema watoto wabaki. Alisema milango ya korido ibaki wazi kila ninapofanya kazi. Kisha akanigeukia.

"Na toka leo, weye na huyu mutoto museme 'kuzunguka'. Kutembea muachie wenye kutembea."

Hapo wote walicheka, hata baba mkubwa, na shefu alicheka pia, lakini alipotaka kuinuka kutoka kwenye kigoda hakuweza. Alijaribu mara mbili. Ya tatu alishika fimbo ya zamu. Aliwasindikiza wazee mpaka mlangoni, akitembea kama mtu mwenye miguu miwili mizima, na nilijua kwa hatua zake kwamba haikuwa hivyo.

Baba mkubwa hakuliondoa gunia. Alilikunja, akaniwekea mikononi. "Chunga hii," alisema. Sikuhitaji maelezo. Liko nyumbani mpaka leo, chini ya godoro.

Siku nne baadaye mguu wa shefu ulikuwa kama nguzo. Siku ya sita alianza kukosa pumzi. Walimpeleka Lubumbashi kwa ndege, na mimi nilibeba sanduku lake mpaka uwanjani. Alikuwa ameegemea bega la zamu, midomo imebadilika rangi. Nilitaka kusema. Nilisema, "Safari njema, shefu." Alisema, "Mizunguko kumi na miwili kwa siku. Usipunguze."

Hakufa. Ninaandika hivi kwa sababu nilikaa siku tisa bila kujua. Lakini hakurudi. Mguu haukukatwa, ila haumbebi tena. Anatembea kwa magongo, kutoka kitandani mpaka mlangoni na kurudi, na mke wake anahesabu. Mke wake haniombi tena nimwamshe mtu. Siku moja aliniuliza kwenye simu, kwa upole, "Mama, siku ile alikaa muda gani?" Nilimwambia muda mfupi. Huo ndio uongo ninaolala nao.

Shefu mpya alirudisha viti na meza ndefu. Ripoti zinakuja zimenyooka, na sijui tena ni vipando vingapi vinatupwa njiani. Mdogo wangu alifanya mtihani, akafaulu. Kitinda mimba sasa anasema kuzunguka hata anapoenda sokoni. Tuko nyumba moja. Kile nilichokiomba nimepiga magoti nilipewa, na ninajua kimetoka kwenye mguu wa nani.

Asubuhi, kabla wengine hawajafika, navaa ubao wangu shingoni na kuizunguka korido mara kumi na mbili. Zamu haniulizi. Kuna wakati shefu wangu wa kwanza ananitumia sauti kwenye simu: "Umefika ngapi leo?" Namjibu namba. Anauliza, "Na nyumba, iko pamoja?" Namjibu iko pamoja. Hajawahi kuuliza kama niliitazama saa, na ninaamini aliniona nikiitazama.

Kwetu shukrani ya namna hii haitumwi kwa simu. Inatakiwa niende na kuku mzima mkononi, nifike mbele yake na mbele ya mke wake, nikae chini sakafuni, nipige makofi, niseme: niliona saa ya kwanza, niliona ya pili, nikanyamaza. Maneno ya watu yanaongelewa chini. Mara mbili nimefika uwanja wa ndege mpaka kwenye kibanda cha tiketi, kuku amefungwa miguu, na mara mbili nimerudi naye nyumbani. Yuko uani sasa, ameshataga.